Samuel Plimsoll, Rafiki wa Mabaharia

Yeyote kati yetu aliyesimama gatini Tanga, Mombasa au Dar es Salaam akaitazama meli ya shehena kwa ubavuni, ameona alama iliyochorwa karibu na maji: duara lililokatwa katikati kwa mstari, na kando yake mistari mifupi kama vipandio vya ngazi. Wengi hudhani ni chapa ya kampuni. Kumbe alama hiyo ina habari ya mtu nyuma yake, nayo yafaa kusimuliwa.

Samuel Plimsoll alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 10 Februari 1824. Aliacha shule mapema, akawa karani katika kiwanda cha bia mjini Sheffield, na kwa bidii akapanda hata kuwa meneja. Mwaka 1853 alikwenda London kufanya biashara ya makaa ya mawe. Biashara ikaanguka, naye akafilisika. Kwa muda alilala katika nyumba za kupanga za maskini, akiishi kwa shilingi chache kwa juma. Huko aliona jinsi watu wasio na kitu wanavyosaidiana, wala hakusahau alipopata mali tena. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa mbunge wa Derby, mji ulio mbali na bahari.

Siku zile wako wenye meli waliojaza meli kuukuu shehena kupita kiasi, kisha wakazikatia bima ya fedha nyingi kuliko thamani yake. Meli ikifika, ni faida. Ikizama, bima italipa. Mwenye hasara ni mke wa baharia na watoto wake. Watu waliziita meli hizo majeneza. Tena baharia aliyekwisha kutia sahihi mkataba, akiiona meli na kukataa kuipanda, aliweza kufungwa jela, na wako waliofungwa.

Hapa tueleze kidogo kwa nini meli huelea. Tulipokuwa tukifundisha, watoto waliuliza sikuzote sababu ya msumari kuzama na meli nzima ya chuma kuelea. Jibu lapatikana jikoni. Weka sufuria tupu juu ya maji ya beseni: yaelea, ingawa ni nzito kuliko msumari. Kitu kikiingia majini, maji hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyoondolewa mahali pake. Jambo hili Mgiriki Archimedes alilieleza zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo. Msumari huondoa maji machache, yenye uzito mdogo kuliko wake, basi huzama. Sufuria ina uwazi ndani, kwa hiyo huondoa maji mengi.

Sasa tia mchanga katika sufuria, konzi moja moja. Kila konzi yaishusha kidogo, mpaka maji yaliyoondolewa yalingane na uzito mpya. Bado yaelea, na asiyejua atasema nafasi ipo. Lakini ukingo uliobaki juu ya maji wazidi kupungua. Ukibaki upana wa kidole, tikisa maji kwa mkono. Wimbi dogo laingia, uzito waongezeka, na sufuria yaenda chini ghafula. Hivyo ndivyo zilivyozama meli nyingi: bandarini zilielea vizuri, na dhoruba ya kwanza ikazimaliza.

Hata maji yenyewe hayalingani. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa kilo 1,000, na ya maji ya bahari kilo 1,025 hivi. Ndiyo maana yai bichi huzama katika maji matupu, lakini ukikoroga chumvi ya kutosha huelea. Meli itokayo baharini na kuingia mtoni hushuka zaidi, ingawa shehena ni ile ile. Kwa sababu hiyo upo mstari wa maji baridi, na mwingine wa bahari za joto. Mstari wa majira ya baridi huwekwa chini zaidi, ili meli ichukue mzigo mdogo wakati wa tufani.

Wazo la mstari halikuanza na Plimsoll. Mwenye meli mmoja wa Tyneside, James Hall, alikuwa amekwisha kupigania usalama wa meli kabla yake. Plimsoll alilichukua jambo hili, akisaidiwa na mkewe Eliza, na mwaka 1873 akatoa kitabu juu ya hali ya mabaharia. Wenye meli wengine walimshtaki mahakamani kwa kuwakashifu. Tarehe 22 Julai 1875, Waziri Mkuu Disraeli alipotangaza kwamba muswada wa meli utaachwa, Plimsoll alipandwa na hasira mbele ya Bunge, akatikisa ngumi, akawaita waovu wenye meli waliokuwa humo. Baada ya juma moja alirudi akaomba radhi kwa lugha yake, lakini madai yake hakuyaacha. Wananchi wakawa upande wake, na Serikali ikalegea.

Sheria ya mwaka 1876 ililazimisha kila meli ya Uingereza iwe na alama. Lakini ilimwachia mwenye meli achague mahali pa kuichora! Inasimuliwa kwamba nahodha mmoja wa Cardiff aliichora kwenye dohani la moshi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1890 ndipo sheria ikaweka mahali pake kwa hesabu. Mwaka 1930 mataifa mengi yalipatana juu ya mistari hiyo.

Plimsoll alifariki Folkestone tarehe 3 Juni 1898. Hakuwa Mwanglikana, lakini alizikwa katika uwanja wa kanisa letu la Mtakatifu Martin, Cheriton.

Tukisoma Matendo sura ya 27, twaona kwamba Paulo alionya juu ya safari, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Mwishowe watu 276 wakawa wakitupa ngano baharini ili meli iwe nyepesi. Sisi nasi tunakumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha abiria 101 ambacho ajali yake iliua zaidi ya watu 200. Katika misiba hiyo miwili chombo kilikuwa kimejaza kupita kiasi.

Ndugu, lawama si ya wenye vyombo peke yao. Ni mara ngapi sisi wenyewe tumemsihi karani atupakie, kwa kuwa mnada ni leo au mazishi ni kesho? Maji hayajui haraka yetu. Tukiambiwa chombo kimejaa, tushuke tungoje kingine, na tukiona wengine wanapakiwa, tuseme.