Lumumba, karani wa Kalima aliyependa kuuliza

Kila tarehe 17 Januari kazi inasimama, na redio inarudilia jina lake toka asubuhi. Hata watoto wadogo wanajua: Patrice Emery Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa inchi yetu. Lakini wengi hawajui kama huyu baba alipita huku kwetu Maniema, na kama alifanya kazi ya kampuni ya madini sawa na babu zetu. Na jambo lingine watu hawapendi kulisema kwa sauti: alikuwa mtu wa mashaka katikati ya watu wa imani kali. Leo tuongee hilo, bila kutukana mtu na bila kuficha.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 ku Onalua, teritware ya Katako-Kombe, mu Sankuru, kwa Watetela. Jina lake la utoto lilikuwa Élias Okit'Asombo. Wazazi wake walikuwa wakulima, watu wa kanisa Katoliki. Wakati ule, mtoto wa kule aliyetaka kusoma alikuwa na milango miwili tu: Wamethodisti wa Marekani ku Wembo Nyama, ao mapadri ku Tshumbe. Leta ya Wabelgiji ilikuwa imeachia misioni karibu masomo yote ya watu weusi. Kujua kusoma na kubatizwa vilikuwa njia moja.

Lumumba alipita milango yote miwili. Huku walifundisha kama wale wa kule wamepotea, na kule walifundisha vile vile juu ya wale wa huku. Mtoto mwenye akili, akiona watumishi wa Mungu mmoja wanashitakiana hivi, anaanza kujiuliza. Hakumaliza masomo upande wowote. Yale mengine alijifundisha mwenyewe, mu vitabu.

Alikuwa kijana wa miaka 18 hivi alipoacha kijiji na kuja Kindu. Vita kubwa ya dunia ilikuwa inaendelea. Wajapani walikuwa wamekamata Malaya mu mwaka wa 1942, na wazungu walitafuta bati kwa nguvu. Kasiteriti ya Maniema ikawa mali ya vita. Ilitoka mu mashimo, ikafika Kindu, pale reli na mto Lualaba vinakutana. Symétain, ile kampuni ya Kalima, ilihitaji watu wa koleo, na pia watu wa kalamu. Lumumba akapata kazi ya karani. Hakukaa muda mrefu, lakini njo pale alianza kula mshahara na kuona kwa macho yake maisha ya kambi.

Kindu ile haikuwa mahali pa mtu asiye na dini. Toka enzi za Tippu Tip, Uislamu ulikuwa umeshika mizizi Kasongo na Nyangwe, mpaka kando ya mto wote. Wangwana walifunga Ramadani, wakasomesha watoto wao Kurani. Wakatoliki walikuwa na misioni zao, na kengele ya kanisa ilisikika mpaka mu makambi ya kazi. Wakusu, ambao ni ndugu za Watetela kwa damu na kwa luga, walikuwa pande zote mbili. Kitawala, Leta iliikataza. Simon Kimbangu alikuwa boloko ku Élisabethville toka 1921. Basi mtu alikuwa wa misikiti, wa misa, ao wa kujificha. Kijana aliyesema kwamba anataka kwanza kuelewa, yeye alikaa wapi?

Mu mwaka wa 1944 akaenda Stanleyville, leo Kisangani. Alifanya kazi ya Leta, akasoma masomo ya posta ku Léopoldville, akarudi kuwa karani wa posta. Usiku alisoma. Voltaire na Rousseau, waandishi wa zamani waliopigana na nguvu ya mapadri, walikuwa kati ya wale aliowapenda. Mu 1951 alioa Pauline Opango kwa desturi ya kwao. Akawa mukubwa wa vyama vingi vya watu waliosoma, akaandika mu magazeti.

Mu 1954 waziri mpya wa makoloni, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali, akaamua kufungulia watoto weusi shule za Leta zisizo za dini. Mapadri wakakasirika sana. Mu Stanleyville Lumumba akasimama upande wa Buisseret, na akajiunga na Waliberali.

Tuelewe vizuri alichokitetea. Hakusema misioni zifungwe. Mu kitabu alichoandika mu 1956 na 1957, alikubali wazi kazi kubwa ya wamisionari, sababu bila wao hata yeye hangejua kusoma. Alichokataa ni kwamba mzazi alazimishwe: mtoto abatizwe ao akose masomo. Kwa Wangwana wa Maniema neno hili lilikuwa zito. Wengi wao walikuwa wameacha watoto nyumbani sababu waliogopa watarudi na msalaba shingoni. Njo maana, siasa ilipokuja, Waislamu wengi walimfuata mtu huyu asiyesali nao.

Hakuwa malaika. Mu Julai 1956 walimkamata kwa makosa ya pesa ya posta, zaidi ya franka laki moja. Akahukumiwa, akafungwa, na akatoka mu 1957. Kile kitabu alikiandika humo boloko.

Mu Oktoba 1958 chama cha MNC kikazaliwa ku Léopoldville, na yeye akawa kichwa chake. Mu uchaguzi wa Mei 1960 Maniema ilimpa kura kwa wingi. Alipokuwa Waziri Mkuu, maadui wakamwita komunisti na adui wa Mungu. Alikataa jina la komunisti mara nyingi. Alitaka Leta isiwe na dini, na kila raia asali anavyotaka, ao asisali. Lakini hasira yake ilimponza pia: aligombana na Courrier d'Afrique, gazeti la Wakatoliki, mpaka mkurugenzi wake akakamatwa. Mtu anayedai haki ya kuuliza anapaswa kuvumilia maswali ya wengine. Hapo alikosa.

Tarehe 17 Januari 1961, mu Katanga, wakamuua pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili yao wakaiyeyusha na asidi. Pauline alitembea mu barabara za Léopoldville, kifua wazi kwa kilio, akidai maiti ya bwana wake, na hakuipata. Hakukuwa misa wala maziko. Jino moja tu likabaki mu mikono ya polisi Mbelgiji, na likarudishwa mu Juni 2022. Likalazwa ku Limete, Kinshasa.

Lakini sisi wa Kindu tuko na sehemu nyingine ya habari hii. Mu Julai 1964 Simba waliingia mu muji wetu kwa jina la Lumumba. Walichanjwa, wakanyunyiziwa maji ya dawa, wakaamini risasi itageuka maji. Mbele ya sanamu za Lumumba watu waliuawa, na wengi wao kosa lao lilikuwa kujua kusoma na kufanya kazi ya biro. Yaani makarani, sawa na yeye. Mtu aliyeishi kwa kuuliza wakamgeuza mzimu usioulizwa kitu.

Tunashuka mu mashimo tukisali, na ni vizuri. Lakini siku udongo unaanguka, kuna wanaosema ni uchawi wa jirani, na wanaouliza nani aliacha kuweka miti ya kushikilia. Huyu wa pili tusimwite mpagani. Karani mmoja wa Kalima alikuwa hivyo, na inchi nzima inapumzika kwa heshima yake.