Daktari Aliyehesabu Vifo vya Akina Mama

Mama, mkunga anaponawa mikono kabla ya kukupima, anafuata jambo lililothibitishwa kwa kuhesabu. Mfahamu aliyelihesabu.

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 mjini Buda, Hungaria. Mwaka 1846 alianza kazi katika Hospitali Kuu ya Vienna, Austria. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za wazazi: moja walifundishwa wanafunzi wa udaktari, nyingine wakunga. Wodi hizo zilipokea wajawazito kwa kupokezana siku, hivyo akina mama wa pande zote mbili walifanana. Lakini mwaka huo, wodi ya madaktari ilipoteza takriban mama 11 katika kila 100, wengi kwa homa ya uzazi. Wodi ya wakunga ilipoteza wasiozidi 3. Wajawazito walijua, na wengine waliomba kwa machozi wasipelekwe kwa madaktari.

Semmelweis alilinganisha sababu moja baada ya nyingine. Msongamano? Wodi ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi. Hali ya hewa? Ilikuwa ileile. Mkao wa kujifungua? Aliubadilisha, vifo havikupungua.

Machi 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu wakati wa kuchunguza maiti, akafa kwa dalili kama za akina mama wale. Hapo Semmelweis akang'amua: madaktari na wanafunzi walitoka kwenye maiti wakaenda kuwapima wazazi. Wakunga hawakugusa maiti.

Mei 1847 aliagiza wote wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, huku akiendelea kuhesabu. Aprili walikuwa wamefariki 18 katika kila 100. Juni walifariki 2 tu.

Hata hivyo wakubwa wengi walimkataa. Ilikuwa haijathibitishwa kwamba vijidudu husababisha magonjwa, na ni vigumu kukubali kwamba mikono yako ndiyo iliyoua. Naye alichelewa kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861. Alifariki 1865 akiwa na miaka 47, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Sayansi ilimthibitisha baadaye.

Kwako, mama au mlezi:

• Una haki ya kumwomba mhudumu anawe mikono kabla ya kukugusa wewe au mtoto. Nawe nawa kwa sabuni na maji tiririka.
• Baada ya kujifungua, ukipata homa, maumivu ya tumbo la chini au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, nenda kituoni siku hiyohiyo.
• Ukiletewa mradi au dawa mpya, uliza: waliotumia wamelinganishwa na akina nani wasiotumia?
• Wakija kukuuliza kama huduma ilikusaidia, sema ukweli, hata kama haikusaidia. Jibu la kuwafurahisha wageni huficha tatizo, na mama ajaye ndiye atakayeumia.