Lord Salisbury, Bwana Aliyeitoa Mrima Bila Kuiona

Wazee wetu wa pwani waliwajua vizuri mabalozi wa Kiingereza waliokaa Unguja. Waliwaona kwa macho wakienda na kurudi jumbani kwa Maulana, na majina yao yakasimuliwa barazani kwa miaka mingi. Lakini bwana mkubwa aliyekuwa akiwapelekea amri mabalozi hao hakuonekana hata siku moja upande huu wa bahari. Bwana huyo ni Robert Cecil, Lord Salisbury, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara tatu. Mji mkuu wa Zimbabwe ulichukua jina lake tangu 1890 mpaka 1982, ulipoitwa Harare. Hapa kwetu hakuachiwa mji wala barabara kuu ya kukumbukwa, ingawa mpaka tunaouvuka kule baada ya Vanga ni kazi ya serikali yake, na ya Wajerumani waliopatana naye.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini ya London. Mababu zake walikuwa mawaziri wa Malkia Elizabeth wa kwanza, na jumba hilo ni la ukoo wao tangu enzi za Mfalme James. Mtu angedhani kwamba mtoto wa nyumba kama hiyo alilelewa kwa raha tupu. Sivyo. Mamake alikufa yeye akiwa na umri wa miaka 9. Alipopelekwa shule ya Eton wenzake walimpiga na kumtesa, hata babake akamtoa akiwa na miaka 15. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye maradhi ya mara kwa mara, apendaye vitabu kuliko watu. Mwaka 1851 alishauriwa asafiri baharini ili apate afya, naye akazunguka mpaka Rasi ya Afrika Kusini, Australia na New Zealand. Aliporudi 1853 aliingia Bungeni kwa jimbo la Stamford bila ya kupingwa.

Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Babake hakuridhika, kwa kuwa bibi arusi hakuwa na mali ya kutosha wala ukoo wa kulingana nao. Kijana akashikilia ndoa yake, na kwa kuwa fedha za nyumbani zilikuwa chache, akawa anatafuta riziki kwa kuandika magazetini. Sisi tulio katika kazi hii ya kalamu hatuwezi kukosa kumwonea huruma kidogo. Kalamu yake ilikuwa kali mno, na hakuwabakisha hata wakubwa wa chama chake mwenyewe.

Kakake mkubwa, aliyekuwa kipofu, alikufa 1865, na kwa hivyo urithi ukamwangukia yeye. Mwaka uliofuata alikabidhiwa Wizara ya India. Wakati huo njaa kubwa ilikuwa katika jimbo la Orissa. Habari zilimfika, akawategemea maofisa waliomwambia kwamba hapana haja ya hofu, na miezi ikapita. Watu wapatao milioni moja walikufa. Inasemekana kwamba hakupata kujisamehe maisha yake yote. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu tutakayoyaona mbele yanaweza kumfanya msomaji amdhanie kuwa mtu asiye na moyo. Moyo alikuwa nao, ila mara nyingi ulikuwa mbali na watu walioguswa na amri zake.

Nyumbani alikuwa mtu wa ajabu. Alipenda elimu ya kemia na umeme, akatandaza nyaya katika jumba la Hatfield wakati umeme ulipokuwa bado ni kitu cha kuogopwa. Uzeeni alikuwa akienda mazoezi kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Macho yake yalikuwa mabovu hata akawa anapishana na watu anaowajua asiwatambue.

Sasa tufike mwaka 1890, ambao ndio hasa uliotufanya tumkumbuke.

Wakati huo Salisbury alikuwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Nje pamoja. Pwani ya Mrima ilikuwa imetoka katika vita. Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said alikuwa amewakodisha Wajerumani forodha na utawala wa pwani hiyo, na walipotaka kutweka bendera yao watu wa Pangani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walikataa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Februari 1890 Sultani Khalifa akafariki, na nduguye Seyyid Ali bin Said akakalia kiti. Huko Ulaya, Salisbury alitaka Wajerumani wasiifikie Unguja wala njia ya kwenda Uganda na chemchemi za Nile. Alihitaji kitu cha kuwapa ili waridhike.

Akakumbuka Heligoland. Hiki ni kisiwa kidogo mno cha mawe katika Bahari ya Kaskazini, karibu na mlango wa mto Elbe wa Ujerumani. Waingereza walikiteka kwa Wadenishi mwaka 1807. Wenyeji wake hawakupita watu elfu mbili au karibu yake, wengi wao wavuvi. Mtu wa Lamu angekizunguka kwa miguu kabla ya adhuhuri, na bado akawahi kurudi kupika. Lakini Mfalme wa Ujerumani, Wilhelm wa pili, alikitamani sana, kwa kuwa kilikaa mbele ya bandari zake kama mwiba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wa kwanza kupinga alikuwa Malkia Victoria mwenyewe. Alimwandikia Waziri wake kwamba kutoa kitu ulicho nacho ni jambo baya siku zote, na akahofu kwamba kesho wataambiwa waitoe Gibraltar. Tena aliuliza swali ambalo hatuna budi kumheshimu kwalo: je, wale wenyeji wa kisiwa wamekubali? Salisbury hakutaka wapigiwe kura. Aliona kwamba wakiulizwa wa Heligoland, basi watu wa milki nyingine nao watadai kuulizwa kama wanataka kutawaliwa au hawataki. Mzee huyu aliona mbali, ingawa macho yake yalikuwa mabovu.

Malkia akakubali kwa shingo upande. Mkataba ukatiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890. Kwa desturi ya siku nyingi, Ufalme wa Uingereza uliweza kutoa nchi kwa mkataba bila ya kuomba ruhusa ya Bunge. Safari hii Salisbury aliandikisha kwamba kisiwa kitatolewa iwapo Bunge litakubali. Basi Julai hiyo mswada ukafikishwa mbele ya Bunge. Salisbury aliutetea katika Baraza la Malodi, akaeleza kwamba kisiwa hakikuwa na faida ya vita kwa Uingereza na kwamba Unguja ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Katika Baraza la wawakilishi wa raia upinzani ulikuwa wa namna mbili. Wako waliolalamika kwamba bendera inateremshwa na kwamba wenyeji hawakuulizwa. Naye Gladstone, kiongozi wa upinzani, alishika neno la utaratibu: kwamba kuomba kibali cha Bunge kwa njia ile ni jambo jipya lisilofuata desturi. Yeye na wakubwa wa chama chake hawakuupigia kura mswada, wala hawakuuzuia. Ulipopigiwa kura kusomwa mara ya pili ulipita kwa kura 209 dhidi ya 61.

Wabunge 61, basi, walisimama upande wa kisiwa kile. Si haba. Na hata kabla ya kura hizo, wenyeji wake walikuwa wameandikiwa mambo mazuri katika kifungu cha 12 cha mkataba. Anayetaka kubaki raia wa Kiingereza alipewa muda mpaka mwanzo wa 1892 kuchagua. Waliokwisha kuzaliwa hawatachukuliwa jeshini. Mila na sheria zao zitaachwa kadiri iwezekanavyo. Ushuru wa forodha hautapandishwa mpaka 1910.

Sasa mwombe mtu akusomee kifungu kinachotangulia hicho, cha 11. Hicho ndicho chetu. Kinasema kwamba Uingereza itatumia nguvu zake zote za ushawishi ili Sultani wa Unguja awape Wajerumani moja kwa moja pwani yake waliyokuwa wameikodi, pamoja na kisiwa cha Mafia, na Wajerumani wamlipe fidia ya haki. Basi. Tanga, Pangani, Saadani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi, Mikindani. Miji yenye misikiti, makadhi, mashamba na makaburi ya mashekhe, haikuandikiwa hata neno moja juu ya mila zake, ushuru wake, wala nani atakuwa raia wa nani. Hapakuwekwa sharti kwamba Bunge likubali kutolewa kwake. Pwani ile haikuhesabiwa kuwa ya Uingereza, na kwa hivyo haikuwa ya kuombewa ruhusa. Ilikuwa ya Sultani, na Sultani alikuwa amekwisha kuwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza haohao.

Agosti Wafaransa nao wakadai. Mwaka 1862 wao na Waingereza walikuwa wameahidiana kuuheshimu uhuru wa Sultani, na ahadi hiyo ilikuwa kama imesahauliwa London. Wakanyamazishwa kwa kukubaliwa ulinzi wao juu ya Bukini. Tarehe 9 Agosti bendera ya Kiingereza ikashuka Heligoland. Oktoba manowari za Kiingereza zikashusha askari kwenda kuiadhibu Witu, ambayo Wajerumani walikuwa wameiachilia katika mkataba uleule, na mji wa Fumo Bakari ukachomwa. Novemba ulinzi juu ya Unguja na Pemba ukatangazwa rasmi.

Salisbury alirudi tena madarakani Juni 1895. Ni katika siku zake hizo ambapo Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na serikali mpya ya pwani mpaka akavuka mpaka kwa Wajerumani mwaka 1896, na Agosti ya mwaka huohuo jumba la Unguja likapigwa mizinga kumtoa Seyyid Khalid bin Barghash. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, na baada ya miaka mingi alikuja kufa hapa Mombasa, 1927.

Mkewe alitangulia kufa mwaka 1899, na baada ya hapo mzee hakuwa yule tena. Julai 1902 alijiuzulu, akamwachia kiti mpwa wake Arthur Balfour, ambaye jina lake Waislamu wanalijua kwa habari ya Palestina. Salisbury alikufa Hatfield tarehe 22 Agosti 1903.

Limebaki jambo la fedha, ambalo watu wengi hawalijui. Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4 kwa ajili ya Mrima, yaani kama pauni 200,000. Mwaka 1895 Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala kutoka Mombasa iliposhindwa na kazi, ililipwa pauni 250,000 iondoke, na 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha hizohizo za Sultani. Desemba ya mwaka huo, Salisbury akiwa Waziri Mkuu, ilipatanwa kwamba Sultani atapewa kila mwaka pauni 11,000 kuwa kodi ya pwani yetu, na pauni 6,000 kuwa faida ya fedha zake zilizotumika. Jumla ni pauni 17,000, na malipo hayo yaliendelea kupelekwa Unguja kila mwaka mpaka 1963.