Nyaatha wa Gikondi na wapagazi wa Kilwa

Ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam kununua bidhaa, au ukipita Kariokor ya Nairobi kula nyama choma, jina unalolitaja ni la vita. Ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi ambalo Waingereza walilikusanya kubeba risasi na chakula wakati wa kupigana na Wajerumani, 1914 hadi 1918. Wengi walishikwa kwa nguvu na machifu. Huku kwetu Wagiriama walipigana 1914, na kudaiwa vijana wa kwenda kufanya kazi ni moja ya mambo yaliyowakasirisha.

Kuna mwanamke mmoja aliyewajua wapagazi hao kwa karibu. Nyeri jina lake liko midomoni mwa watu. Pwani hatumtaji, ilhali miaka yake migumu aliipitisha huku.

Sista Irene Stefani alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Mwaka 1911 alijiunga na masista wa Consolata wa Torino, na mapema 1915 akateremka Mombasa akielekea Nyeri. Hakukaa sana. Vita vilipopamba moto, masista waliombwa wasaidie katika hospitali za wapagazi, naye akatumwa Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Hospitali ni neno kubwa. Yalikuwa mabanda yaliyojaa watu wa kuhara, malaria, kifua na vidonda vilivyooza. Wapagazi waliotoka Kenya ya leo walikufa kwa maelfu, na wengi waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Irene aliosha vidonda, akalisha wasioweza kuinua mkono. Husimuliwa kwamba huko Kilwa alimkosa mgonjwa wake kitandani, akaambiwa amekwisha kufa na maiti imepelekwa ufuoni. Akaenda, akapekua maiti mmoja mmoja, akamkuta bado anapumua.

Kanisa pia linahesabu maelfu aliowabatiza wakiwa kwenye kukata roho. Hapo mimi Muislamu siko pamoja naye. Mtu anayetapatapa hana nafasi ya kuchagua dini, na kati ya wagonjwa wale walikuwamo watu wa dini mbalimbali na wa mila zao. Lakini nikilisema hilo, lazima nijiulize pia: ni nani mwengine aliyekwenda ufuoni kupekua maiti?

Lipo jambo zito zaidi. Banda alilohudumia lilikuwa la jeshi lile lile lililomtoa mgonjwa kwao. Sijapata kusikia kwamba Irene alimuuliza mkubwa yeyote kwa nini watu hawa wamekamatwa, au mishahara ya waliokufa iko wapi. Mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao kamwe. Kufunga kidonda ni kazi moja, kumkabili anayejeruhi ni nyingine, na hii ya pili misheni za wakati ule nyingi ziliikwepa.

Mwaka 1920 alipelekwa Gikondi, upande wa Mukurweini, Nyeri. Ilikuwa miaka ya kipande na kodi ya nyumba, vijana wakiondoka kutafuta pesa katika mashamba ya walowezi na mijini. Irene alifundisha, akazunguka milima kwa miguu kutazama wagonjwa, na akawaandikia wazazi wasiojua kusoma barua za kuwapelekea watoto wao walioko mbali. Watu wakamwita Nyaatha, mwenye huruma. Mwezi wa Oktoba 1930 alimhudumia mwalimu mmoja aliyeshikwa na tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 mwezi huo, umri miaka 39.

Tarehe iyo hiyo, kwa siku ya kuzaliwa inayotajwa kwa kawaida, mtoto mmoja wa Tetu, Nyeri hiyo hiyo, alikuwa akitimiza miaka 10. Ni Dedan Kimathi, ambaye baadaye aliingia msituni kudai ardhi na uhuru, na Waingereza wakamnyonga tarehe 18 Februari 1957. Tarehe 23 Mei 2015, Kanisa Katoliki lilipomtangaza Irene kuwa mwenye heri, umati mkubwa ulikusanyika katika uwanja wa chuo kikuu chenye jina la Kimathi. Sijui kama waliopanga waliliona hilo.

Mabaki ya Nyaatha yalifukuliwa 1995, na leo amelazwa Nyeri mjini kwa heshima zote. Kimathi alizikwa gerezani Kamiti, na jamaa zake wamelitafuta kaburi lake miaka na miaka. Wapagazi wa Kilwa na Lindi wengi hawana jiwe wala jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na washirika wake ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kama walivyokumbukwa Wazungu, ikaomba radhi. Vita vyenyewe vilikwisha 1918.