Gerty Cori: Aliyejua kwa nini ini hukwamisha sukari

Ukilala bila chajio, huamki umezirai. Unajua kwa nini? Ini lako lina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na usiku kucha huivunja kidogo kidogo ili ubongo usikose. Lakini wapo watoto ambao ini limejaa akiba hiyo hadi tumbo likavimba, ilhali wakikaa saa chache tu bila kula, sukari ya damu inaporomoka. Hebu fikiria, kufa njaa na ghala limejaa!

Aliyefumbua fumbo hilo ni Gerty Cori. Alizaliwa Prague mwaka wa 1896, akahitimu udaktari 1920 na kuolewa mwaka huo huo na Carl, aliyesoma naye. Mwaka wa 1922 wakahamia Marekani. Kule Buffalo, wakubwa wakamtaka aache utafiti na mumewe. Akakataa. Walipohamia St. Louis mwaka wa 1931, Carl akapewa uprofesa. Yeye akawa msaidizi tu, eti kwa mshahara kama sehemu moja ya kumi ya ule wa mumewe! Na kazi ilikuwa ile ile. Wewe ungevumilia? Uprofesa aliupata 1947, mwaka waliotuzwa Nobel, yeye akiwa mwanamke wa kwanza kupata ile ya tiba. Mwaka huo huo akaambiwa uboho wake umeharibika.

Hakwenda kupumzika. Mwaka wa 1952, yeye na Carl walipima maini ya wagonjwa wa von Gierke, ugonjwa wa kurithi. Kwa baadhi yao, kimeng'enya glukosi-6-fosfatasi karibu hakikuwepo.

Sasa sikiza. Kimeng'enya hicho hakielei ovyo kwenye seli. Kimo katika vijifereji vya utando viitwavyo retikulamu ya endoplazimu. Glaikojeni nayo huvunjwa nje yake. Kwa hivyo sukari lazima ipite mlangoni kwanza, ndipo imaliziwe na kuachiliwa iende kwenye damu. Baadaye wengine waligundua wagonjwa wenye kimeng'enya kizima, ila mlango ndio mbovu. Njaa ni ile ile. Siku hizi wengi wao hunyweshwa wanga mbichi wa mahindi, hata usiku, maana humeng'enywa polepole.

Gerty aliendelea kuongezewa damu na kufanya kazi. Alipoishiwa nguvu, Carl alimbeba ndani ya maabara. Alifariki Oktoba 26, 1957, akiwa na miaka 61.