Ben Tillett na Deni la Makuli wa London

Tulipokuwa kidato cha pili tulikariri majina ya watu waliovumbua na kuboresha mashine za Uingereza: James Watt na mvuke wake, Richard Arkwright na nyuzi zake za pamba. Habari za watu waliobeba mizigo ya viwanda hivyo mabegani mwao hatukuzisikia. Mimi nilikutana na mmoja wao miaka kadhaa baadaye, katika maktaba ya Chuo Kikuu, na tangu hapo nimekuwa na hamu ya kuwasimulia vijana wa shule yetu maisha yake. Jina lake Benjamin Tillett.

Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1860 mjini Bristol. Mama yake alifariki yeye angali mtoto mchanga. Alipofika umri wa miaka minane hivi alikuwa tayari akifanya kazi kwenye matanuri ya matofali. Alitoroka nyumbani, akafuatana na watu wa sarakasi, akaingia jeshi la majini, kisha akawa baharia wa meli za biashara. Shule aliipata kwa vipande vipande. Hatimaye alitua London, akapata kibarua katika maghala ya chai.

Wakati huo London ilikuwa bandari kubwa kuliko zote duniani. Chai ya Bara Hindi ilishushwa hapo, na sukari, na hata pembe za ndovu zilizosafirishwa kutoka Unguja. Lakini mtu aliyezishusha hakuwa na hakika ya mlo wake wa jioni. Kila asubuhi wanaume walijazana langoni, wakasukumana na kukanyagana ili nyapara awaone. Aliyechaguliwa aliweza kufanya kazi saa moja tu, akalipwa peni 5 na kuambiwa aende zake. Vibarua waliogombana hivyo kila siku wangewezaje kuwa kitu kimoja? Ndilo swali alilojiuliza Tillett mwaka 1887, alipoanzisha chama kidogo cha wafanyakazi wa maghala ya chai. Alikuwa mwembamba, mgonjwa-mgonjwa, mwenye kigugumizi, na sanduku la chama chake halikuwa na kitu.

Agosti 1889 makuli wa gati moja waligoma, wakamwita Tillett awaongoze. Madai yao yalikuwa machache: peni 6 kwa saa badala ya 5, peni 8 kwa saa za ziada, na mtu akiitwa kazini asipewe chini ya saa nne. John Burns na Tom Mann walikuja kumsaidia. Katika muda wa siku chache bandari nzima ilisimama, na makumi ya maelfu ya watu wakawa nje ya malango. Kila siku waliandamana kwa utaratibu katikati ya jiji, na matajiri waliotazamia fujo hawakuiona.

Hata hivyo, maandamano hayashibishi. Kamati ya mgomo iligawa vyeti vya chakula kwa familia, na kufikia mwishoni mwa Agosti fedha zilikuwa zinakwisha. Wenye bandari walijua hivyo. Hawakuwa na haja ya kujadiliana; walisubiri njaa iwafanyie kazi.

Hapo ndipo ilipofika simu ya maandishi kutoka Brisbane, Australia, ikileta fedha. Zikafuata nyingine kutoka miji mingine ya nchi hiyo. Vyama vya wafanyakazi vilichanga, mikutano ya hadhara ikachanga, makanisa na vilabu vya mpira vikachanga. Jumla yake ilifika karibu pauni 30,000, yaani zaidi ya nusu ya fedha zote za mgomo ule. Waliotoa walikuwa upande wa pili wa dunia, na wengi wao hawangewaona kamwe waliowalisha. Katikati ya Septemba, kwa upatanishi wa Kadinali Manning, wenye bandari walikubali peni 6. Chama kidogo cha chai kikageuka kuwa chama kikubwa cha makuli, Tillett akiwa Katibu Mkuu.

Ushindi huo uliacha deni. Mwaka uliofuata, 1890, mabaharia na makuli wa Australia waligoma. Wenzao wa Uingereza walichanga pia, lakini kiasi kidogo mno kuliko walichopokea, na mgomo ule ukashindwa. Tillett hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1896 yeye, Tom Mann na Havelock Wilson walianzisha mjini London shirikisho la kuwaunganisha mabaharia na makuli wa nchi mbalimbali, ili meli isiyopakuliwa katika bandari moja isipate wa kuipakua katika bandari ya pili. Agosti mwaka huo huo alikwenda Antwerp kuwahimiza makuli wa Ubelgiji. Polisi walimkamata, wakamtia mahabusu, kisha wakamfukuza nchini.

Nisiwadanganye wadogo zangu kwamba mtu huyu hakuwa na kasoro. Aliwahi kulalamika hadharani juu ya Wayahudi maskini waliohamia London, ilhali nao walikuwa wafanyakazi. Desemba 1913 wafanyakazi wa Dublin walipokuwa wamefungiwa nje ya kazi, vyama vya Uingereza viliwapelekea fedha na chakula lakini vikakataa kugoma kwa ajili yao. Katika mkutano maalumu Tillett mwenyewe ndiye aliyetoa hoja ya kuwalaumu wale waliowashambulia kwa maneno viongozi wa Uingereza. Vita vilipoanza mwaka 1914 aliviunga mkono kwa nguvu zote, na makuli wa Ujerumani aliowaita ndugu wakawa adui. Hata Australia yenyewe, vyama vilivyokuwa vimechanga kwa ukarimu viliunga mkono sheria ya mwaka 1901 ya kuwazuia watu wasio weupe wasiingie nchini. Mkono ule ulivuka bahari, lakini haukuvuka rangi.

Tillett aliingia Bungeni mwaka 1917. Mwaka 1922 chama chake kiliungana na vingine, na uongozi mkuu ukashikwa na Ernest Bevin. Alifariki tarehe 27 Januari 1943, akiwa na umri wa miaka 82.

Kwa nini basi nimsimulie? Kwa sababu alichokianzisha kilikwenda mbali kuliko alikofika yeye. Shirikisho lile la 1896 ndilo lililokua likawa Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ambalo makao yake makuu yangali London. Aprili 2008 meli moja ilitia nanga Durban ikiwa na shehena ya silaha za kupelekwa Zimbabwe, wakati nchi hiyo ikiwa katika mzozo wa uchaguzi. Makuli wa Durban walikataa kuishusha. Shirikisho likavitaka vyama vya bandari nyingine za Afrika vifanye vivyo hivyo, na meli ile ikaondoka Durban na silaha zake. Makuli hao walikuwa Waafrika, na waliowatetea kwa kukataa kwao walikuwa watu wa nchi nyingine wasiowajua kwa sura.

Wengi wenu mtakaosoma haya mtakuwa wakuu wa idara na mameneja, kama baadhi yetu tulivyokuwa. Mtapelekewa mezani mafaili ya vibarua wanaodai nyongeza. Mkumbuke kwamba lile dai la peni moja halikuwa jambo dogo kwa aliyelidai, na kwamba deni la pauni 30,000 halikulipwa lote na Tillett. Wengine wamelipunguza baada yake, na sehemu yake ingali imebaki.