Joseph Henry: Jamaa aliyeifanya stima ndogo iamrishe kubwa

Kwenye ploti nyingi mtaani, pampu huwaka yenyewe maji yakipungua kwenye tangi la juu, na huzima tangi likijaa. Hakuna anayepanda ngazi kuchungulia. Tangini mna boya linalopanda na kushuka na maji, na kwenye kiboksi ukutani kuna kifaa kinacholia “tak!” kabla pampu haijaanza kunguruma. Hicho ndicho rilei, na anayetambuliwa kuibuni ni Mmarekani Joseph Henry.

Henry alizaliwa Desemba 17, 1797 mjini Albany, jimbo la New York, katika familia ya mkono mtupu. Babake alikuwa kibarua. Utotoni alipelekwa kuishi na nyanya yake kijijini Galway, ambako alifanya kazi dukani. Alipofika miaka 13 alirudi Albany kujifunza ufundi wa saa na vyombo vya fedha. Ndoto yake wakati huo? Kuwa mwigizaji jukwaani!

Mambo yalibadilika akiwa na miaka 16. Akiwa mgonjwa nyumbani, alifungua kitabu cha sayansi cha mpangaji wa mamake. Kilimteka kabisa. Alipata nafasi ya kusoma bila karo katika Albany Academy, huku akifundisha ili ajikimu. Kufikia 1826, alikuwa mwalimu wa hesabu na sayansi papo hapo.

Vipindi vilikuwa vingi, kwa hivyo majaribio yake mengi aliyafanya wakati wa likizo. Wengine walizungusha waya mtupu kwenye chuma, mizunguko ikiachana. Yeye aliufunika waya kwa hariri, akaukaza tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831, sumaku aliyoiunda kwa ajili ya Chuo cha Yale iliinua zaidi ya kilo 900. Mwaka huo huo aligonga kengele kupitia waya wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Lakini umeme ukisafiri mbali hudhoofika. Akiwa mwalimu Princeton, mwaka 1835, Henry alipata dawa. Aliacha umeme hafifu uendeshe sumaku ndogo, nayo sumaku hiyo ifungue au ifunge njia ya umeme wenye nguvu. Wanafunzi walishuhudia mzigo mzito ukiachiliwa na kuanguka kwa kishindo kwa amri ya umeme hafifu kutoka mbali.

Pampu ya ploti hufuata mtindo huo huo. Umeme mdogo wa kwenye boya hauwezi kuzungusha mota, ila unatosha kuamsha koili ya rilei. Koili huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, na njia ya stima kubwa hufungwa, pampu inawaka. Tangi likijaa, boya hukata umeme, springi hurudisha chuma, pampu inazima. Viwango huwekwa viwili, cha chini na cha juu, la sivyo pampu ingewaka na kuzima kila mtu akifungua mfereji.

Henry hakuomba hataza. Aliamini kwamba maarifa ni ya watu wote. Samuel Morse, ambaye Henry alimshauri, alipata hataza ya telegrafu mwaka 1840, akatajirika. Henry alipoitwa kutoa ushahidi kortini kuhusu nani aligundua nini, Morse alimgeuka na mwaka 1855 akachapisha maandishi ya kumshambulia. Uchunguzi wa taasisi ya Smithsonian, ambayo Henry aliiongoza tangu 1846, ulimtetea. Hata hivyo, baadaye Henry mwenyewe alikiri kwamba huenda alizidisha msimamo wake kuhusu hataza.

Alifariki Mei 13, 1878. Mwaka 1893, wanasayansi walikubaliana kipimo cha induktansi ya koili kiitwe henry.

Kwa hivyo wewe unayeunda kitu chako huko mtaani, amua mapema: utakigawa bure au utakisajili? Yote mawili yana heshima, mradi uwe umeamua mwenyewe.